Nguo Isiyomhitaji Fundi

Saa moja asubuhi, Isevya. Umeme umerudi.
Simu juu ya cherehani inatetemeka:
Mihayo, ndugu yangu, yuko Iowa ambako bado ni jana.
Ametoka zamu kiwandani, anaongea akivua buti zenye damu ya ng'ombe.

"Dada Kalunde, wewe fundi. Niambie,
kilemba cha Kalasinga kinakula mita ngapi?"

Nikacheka, pini midomoni.

Miaka sita ya kwanza hakuuliza kitu.
Alituma theluji, gari, kanisa la matofali
walikompa sauti ya besi kwa kuwa ni Mwafrika
(hajui kuimba, Usoke nzima inajua).
Kwake Marekani yote ilikuwa Jumapili.

Halafu mtoto akarudi na kalenda ya darasa lake,
mkewe akaitundika jikoni, ikajaa:
huyu amefunga mpaka jua lizame,
yule hali chachu siku nane,
mwingine anapanga vitaa dirishani,
na bibi Mlao wa ghorofa ya juu
huweka chungwa na wali mbele ya sanamu kila alfajiri.
"Kama bibi yetu na unga wake," akasema Mihayo.

Mguu wangu ukaacha kukanyaga.

Bibi Nyanzobe, mzee wa kanisa,
kitambaa cheupe kilichopigwa wanga,
kabla ya kengele alizunguka nyuma ya ghala,
akakoroga unga wa mtama kibuyuni,
akamwagia kigabilo, kijumba cha nyasi kisichofika kiunoni,
akataja majina. Kisha akanawa, akachukua kitabu cha nyimbo.
Sisi tulifundishwa kutazama pembeni.
Tulitazama pembeni vizuri sana.

Nimeushona mji huu miaka ishirini na saba:
majoho ya kwaya ya Cheyo, kanzu za maulidi ya Gongoni,
kitambaa cha altare, shela za maharusi wa pande zote.
Najua mabega ya shehe na tumbo la padri,
nani amekonda kwa Kwaresima, nani kwa sukari.
Nikadhani kumpima mtu kifua ni kumjua.

Mchana nikafunga duka, nikaenda hadi hekalu la Wahindi,
lile ninalolitumia kuelekeza wateja:
ukifika hekalu, kata kushoto.
Ndalahwa mlinzi, Mwislamu wa Kachoma, alikuwa anafagia.

"Wamebaki wangapi humu?"
"Nyumba mbili. Mzee akisafiri, taa nawasha mimi."
"Wewe?"
"Aliniomba. Sisomi kitu. Nawasha, nafunga mlango, naenda kuswali."
"Na watu wanajua?"
Akaegemea fagio.
"Wewe ndiye wa kwanza kuuliza, fundi. Na umechelewa."

Jioni nikamjibu Mihayo: mita tano, labda sita, sijui.
Muulize mwenyewe huyo Harbhajan,
aliyekudaka siku ulipoteleza penye mashine.
Unataka kumpa zawadi,
na hujamwuliza hata rangi.

Akauliza. Rangi ya asali, anasema.
Na fundi asikate, asikunje pindo:
mwenyewe hukifunga upya kila asubuhi kwa mkono wake.

Basi kiko hapa mezani, mita sita, laini,
hakitaki sindano, hakitaki kifungo,
hakinitaki mimi.
Nimekipiga pasi mara mbili kwa kukosa la kufanya.

Nyuma ya ghala la bibi sijaenda. Bado.

Posta, kwenye fomu, penye Yaliyomo,
niliandika nguo. Nikafuta. Nikaandika kilemba.
Karani akainua miwani.
"Cha mumeo?"
"Cha jirani," nikasema.
Akatazama anwani, akanitazama mimi,
akagonga muhuri.